Poti ya Kumi na Moja

Jerop,

Hii ni karatasi ya nne. Tatu za kwanza nimezirarua kwa sababu kila moja ilikuwa inaanza kudanganya kidogo kidogo kabla haijafika katikati. Umekwenda Burnt Forest kumuaga shosho yako, mama ya mama yako, umesema utarudi kabla ya giza, na mimi nimekaa hapa mezani tangu saa nane na kalamu na chai ambayo imeshapoa. Kesho asubuhi unaondoka kwenda kusomea kazi ya hospitali. Sitakuandikia habari ya masweta, wala ya kula vizuri, wala ya kuweka pasipoti mahali salama. Hayo umeambiwa na kila mtu mpaka umechoka, na tangu zamani wewe ni mwangalifu kunishinda. Nataka kukuandikia jambo moja nililofanya ulipokuwa darasa la nne. Sijui nilishike wapi. Wakati mwingine naona nililifanya, wakati mwingine naona lilitokea tu na mimi nikaliacha. Nitaliandika vile nalikumbuka, na nisipoelewa nitakuambia sielewi.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa tunakula, ukaniambia kwamba ukifika Uingereza utakaa hosteli. Nikakuuliza, si mama yako yuko mji huo huo? Si alisema amekutayarishia chumba, mpaka amekipaka rangi? Ulimega ugali, ukauviringa mkononi muda mrefu bila kuutia mdomoni. Ukasema, "Baba, siwezi kukaa kwa mtu aliyesahau namba ya simu ya nyumba yetu." Halafu ukaniangalia, ukasema, "Wewe ndiye hukuniacha."

Unakumbuka nilijibu nini? Nilisema asante. Nikachukua sahani nikaenda kuziosha, na kwa muda nilisimama tu pale maji yakimwagika. Tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Mama yako hakusahau namba, Jerop. Alipiga kila Jumapili. Simu haikulia kwa sababu yangu.

Sasa nimeshaandika. Ngoja nieleze.

Unajua mama yako aliondoka ukiwa na miaka tisa, alipopata ile kazi ya kuuguza wazee. Usichojua ni vile tuliagana. Mimi sikutaka aende. Sikusema "naogopa," nilisema mambo mengine, kwamba anajiona, kwamba watu wa kwetu Sugoi watanicheka, kwamba mama mwenye akili haachi mtoto. Yeye akasema ni miaka miwili tu, na hapa hospitali hawamwandiki, afanye nini? Tulikuwa jikoni. Mwishoni nikamwambia, "Ukienda, usijisumbue kunipigia." Mama yako ni mtu wa kushika neno. Hakunipigia. Alikuwa anapiga ile simu nyeupe ya mezani, ile ya kupitia intaneti ambayo kampuni ilitupatia sisi wafanyakazi na wateja wachache tuijaribu, na alikuwa anakupigia wewe. Jumapili saa kumi. Nikiishika mimi alikuwa anasema, "Habari. Naomba kuongea na Jerop," kama mtu anayepigia ofisi, na mimi nasema, "Ngoja nimwite."

Ulikuwa unaingojea hiyo simu tangu saa tisa. Ulikuwa unabeba kigoda kutoka jikoni unakiweka chini ya meza ya simu, na kitana mkononi, kwa sababu ulikuwa unapenda kujichana ukiongea naye. Mlikuwa mnaongea nusu saa, saa nzima. Mkimaliza ulikuwa unaingia chumbani na kulia mpaka unalala bila kula. Kila Jumapili. Mimi nilikuwa nasimama nje ya mlango wako na sahani, sijui niingie ama nisiingie.

Wakati huo nilikuwa nimehamishwa kazi. Miaka yote nilikuwa fundi wa nyaya, kupanda nguzo, kuvuta laini, kuunganisha. Kazi ya mikono ninaielewa. Halafu kampuni ikasema kila fundi ajifunze pia kupanga mitambo kwa kompyuta, nikapewa laptopu na mafunzo ya siku tatu ambayo nilitoka nikijua kidogo kuliko nilivyoingia. Unakumbuka lile kabati la chuma kando ya barabara hapa mtaani Pioneer, ulilokuwa unaliita friji ya kampuni? Ndani yake kulikuwa na mtambo wenye poti ishirini na nne. Poti ni pale mahali waya wa nyumba moja unapoingilia. Nyumba ya Mama Halima ilikuwa poti ya tisa. Yetu ilikuwa ya kumi na moja.

Kila kitu kinachopita kwenye intaneti, iwe katuni zako, iwe barua, iwe sauti ya mtu, kinakatwa vipande vidogo vinavyoitwa pakiti, na kila pakiti ina alama ya kuonyesha ni ya aina gani. Unaweza kuandika amri kwenye poti, useme aina hii ipite, aina hii itupwe. Ni kama kuweka kichungi kwenye mdomo wa birika. Nilichokuwa sikijui siku ile, na ambacho hakuna aliyenifundisha, ni kwamba pakiti ikitupwa hivyo haimrudii aliyeituma. Hapewi sababu. Anakaa kule akifikiri hakuna mtu nyumbani.

Basi ikatokea wiki moja intaneti ya Pioneer yote ikawa inatambaa. Kifaa cha nyumba fulani kilikuwa kimeharibika, kikawa kinamwaga mapakiti ya ovyo mchana kutwa, na hatukujua ni nyumba gani. Watu walikuwa wanapiga ofisini wakitukana. Mkubwa wangu, Kibet, akanipigia nikiwa pale kwenye kabati, jua kali.

"Weka kichungi kwenye poti zote za wateja," akasema. "Ruhusu za kurasa, za barua, na zile za kutafuta majina ya tovuti. Zingine zote tupa."

"Zingine ni za nini?"

"Zingine hakuna mtu ana shida nazo. Chuja kwanza, tutatafuta mwenye makosa baadaye."

Sikuelewa. Nilikuwa na karatasi ya daftari lako la hesabu, nikachora jedwali, nikatia alama ya vema kwa hizo aina tatu na mkasi kwa zingine. Nikaandika amri hiyo mara ishirini na nne, poti moja moja, kwa sababu sikujua kuna njia ya kuziandika zote kwa mkupuo. Saa mbili nzima. Nilipomaliza, intaneti ikashika kasi. Kibet akanipongeza mbele ya ofisi nzima. Nilirudi nyumbani nikiwa nimefurahi, nikakununulia maandazi, na wewe ukaniambia katuni hazikwami tena.

Hilo lilikuwa Alhamisi. Jumapili ukabeba kigoda chako.

Jumapili hiyo ya kwanza nakuapia sikujua kitu. Saa kumi ikapita, saa kumi na moja ikapita. Nikasema moyoni, amechoka, ama wamempa zamu. Ukweli ni kwamba kuna sehemu yangu iliyofurahi. Ilisema, umeona sasa? Si nilisema? Ulikaa mpaka saa kumi na mbili, ukarudisha kigoda jikoni bila kuambiwa. Na hukulia. Ulikula wali na ndengu, ukaomba uongezewe. Hilo ndilo lililonichanganya. Nilikuwa sijakuona ukila Jumapili kwa miezi.

Jumapili ya pili ikawa hivyo hivyo.

Katikati ya wiki ya tatu nikasikia hodi. Mama Halima, jirani yetu mwenye duka la vitambaa kule mjini, alikuwa amesimama mlangoni akiwa amevaa buibui lake la kijani. Unamkumbuka, ndiye alikuwa anakupatia vipande vya nguo ushonee wanasesere.

"Baba Jerop," akasema, "simu yangu ya intaneti imekufa. Wiki mbili sijasikia sauti ya dada yangu wa Kanada. Nimeuliza ofisini wanasema iko sawa. Iko sawa aje na hailii?"

Nikachukua laptopu nikaenda kwenye kabati. Nilifikiri ni waya. Nilikagua waya, uko mzima. Nikafungua poti ya tisa, nikaanza kusoma hesabu ya pakiti zilizotupwa, na nikaona zinaongezeka mbele ya macho yangu, moja baada ya nyingine, zote za aina moja. Nilikaa chini kwenye ukingo wa mtaro. Zilikuwa za simu. Ile alama ya mkasi niliyoichora kwenye daftari lako ndiyo ilikuwa inazitupa. Nikaandika mstari mmoja tu kuruhusu aina hiyo kwenye poti ya tisa, nikaenda kwa Mama Halima, na hata sijavua viatu simu yake ikalia. Dada yake alikuwa amejaribu kila siku. Mama Halima alikuwa anacheka na kujifuta machozi kwa ncha ya mtandio, akinisukumia chai ya iliki, akisema Mungu akuweke, Baba Jerop, Mungu akuweke.

Nilirudi kwenye kabati kukusanya vitu vyangu. Laptopu ilikuwa bado imeunganishwa. Poti ya kumi na moja ilikuwa pale, mistari miwili chini ya ile niliyomaliza kurekebisha. Nilijua nikiandika neno lile lile, Jumapili simu yetu italia. Ilikuwa kazi ya nusu dakika.

Nikafunga laptopu.

Jerop, nimejaribu miaka tisa kujua ni kwa nini. Nimejiambia nilikuwa na haraka. Si kweli, nilikuwa sina pa kwenda. Nimejiambia nilikuogopea wewe, kwamba wiki moja zaidi bila kulia itakupa nguvu. Hiyo ni kweli kidogo. Nilipofika nyumbani ulikuwa nje unaruka kamba na wale wasichana wa plot ya pili, unacheka mpaka unashika tumbo, na nilisema, wacha apumzike, nitafungua wiki ijayo. Lakini pia nilikuwa na hasira na mama yako, hasira ambayo haikuwa na mahali pa kwenda, na ghafla ikapata mahali. Ni ipi kati ya hizo ilifunga laptopu? Nikishika moja naona nyingine inacheka. Mtu aliyeniona angesema fundi amemaliza kazi anaenda nyumbani.

Waswahili walisema mganga hajigangi, na watu wa ofisini wangecheka tu kama wangejua simu ya fundi ndiyo mbovu. Nilijificha nyuma ya msemo huo. Nitarekebisha kesho. Kesho ikawa Jumatatu, ikawa mwezi.

Nikuambie na mengine, kwa sababu nikiacha moja hii karatasi nayo itabidi niirarue. Shosho yako alikuja siku moja ukiwa shuleni, amebeba viazi. Akasema, "Binti yangu Wambui anasema simu ya hapa haishiki." Nikamwambia nitaangalia. Alinitazama yule mama, akamwaga viazi kwenye beseni akaondoka. Na mara mbili simu yangu ya mkono ililia na namba ya nje. Niliiangalia ikilia mpaka ikanyamaza. Nilijiambia anataka kugombana.

Lakini kuna siku ambayo ndiyo inanirudia zaidi ya hizo zote. Ilikuwa Jumapili, sijui ya saba ama ya nane. Ulikuwa umeacha kubeba kigoda. Ulisimama tu karibu na meza, ukainua mkono wa simu, ukauweka sikioni, ukaurudisha. Ukaniuliza, "Baba, simu iko sawa?"

Ungeniuliza kitu kingine chochote. Nilikuja nikainama kando yako kama fundi kweli kweli. Nikakuonyesha taa ya kijani kwenye rauta, kile kisanduku cha intaneti. Nikasema, "Unaona hii taa? Ikiwa kijani laini iko sawa. Katuni si unaona?"

"Naona."

"Basi iko sawa."

Uliitikia kwa kichwa polepole, vile ulikuwa unaitikia mwalimu akikueleza hesabu ukaielewa. Ulikuwa umeelewa. Nilikuona ukielewa. Ulienda nje, na kuanzia siku hiyo hukuuliza tena.

Nilikuwa nimesema neno la kweli kuhusu taa. Ndiyo maana lilipita vizuri hivyo. Kama nina kitu cha kukupa uende nacho huko, labda ni hiki, na sijui hata kama ni cha maana: mimi sikuwahi kukudanganya kwa uongo mkubwa. Nilikudanganya kwa taa iliyokuwa inawaka.

Halafu mvua ya mwezi wa nne ikaja na radi ikaunguza ule mtambo wa kabati. Wakaleta mpya. Kibet mwenyewe ndiye aliyeupanga, na hakuweka kichungi kile, kwa sababu kile kifaa kibovu kilikuwa kimeshapatikana zamani. Kwa hivyo hata kurekebisha sikurekebisha mimi. Ilikuwa miezi minne na siku kadhaa. Jumapili saa kumi nilikuwa jikoni nachambua mboga ya managu, na simu ikalia.

Ulishika wewe. Mimi nilisimama na kisu mkononi.

"Hallo?" ukasema. Ukanyamaza. "Nani?" Ukanyamaza tena. "Mama gani?"

Sikuweza kusikia aliyokuwa anasema, ni sauti tu, ya juu, ya haraka, ya mtu anayelia na kucheka. Ulimwacha aongee. Halafu ukasema, kwa utulivu, na ulikuwa na miaka kumi tu, "Hapana. Laini haikuwa mbaya. Baba ni fundi wa laini. Ingekuwa mbaya angeitengeneza."

Ukaweka simu chini. Ukaja mlangoni mwa jikoni ukaniuliza kama chakula kimeiva.

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Ningeweza kuweka kisu chini, nikakuita, nikakuambia. Ungelia, ungenichukia siku mbili tatu, ulikuwa mtoto, ungesahau. Nilisema, "Bado kidogo." Nikaendelea kuchambua managu.

Mama yako alinipigia kwa simu ya mkono jioni ile, na kwa mara ya kwanza tangu aondoke nikaishika. Aliniuliza kulikuwa na nini. Nikamwambia laini ilikuwa na shida. Akauliza, "Na mbona mtoto anasema haikuwa na shida?" Nikamwambia sijui, ni mtoto. Akafikiri nimekufundisha kumkataa. Wewe ukafikiri alikuacha. Mimi nikakaa katikati yenu nikionekana mtu mzuri. Alipokuja likizo ukiwa kidato cha pili, ulimkaribisha chai kama mgeni wa kanisa, ukamwambia "karibu tena" akiondoka. Nilimsindikiza mpaka kwenye geti. Aliniuliza, "Nilimfanya nini huyu mtoto?" Na mimi, Jerop, nikamwambia, "Mpe muda."

Kuna watu wa hapa wananisifu. Unawasikia kanisani. Mwanamume aliyelea msichana peke yake, akampikia, akamsuka nywele vibaya vibaya, akaenda mikutano ya wazazi. Hayo yote nilifanya, na niliyafanya kwa mapenzi, usije ukafikiri ilikuwa ni kulipa dhambi. Hapa ndipo ninachanganyikiwa kabisa. Nikikumbuka miaka hii naona nilikupenda kila siku yake. Na kila siku yake nilikuwa najua. Sijui mambo hayo mawili yalikaaje ndani ya mtu mmoja bila kugombana. Nilifikiri mtu mwenye siri mbaya anajisikia vibaya kila wakati. Siyo. Kuna wiki zilipita sikuikumbuka hata mara moja. Nilikuwa nafurahi tu.

Leo asubuhi ulipotoka kwenda stendi, nilimpigia mama yako. Huko kwao bado ilikuwa mapema sana, aliogopa akafikiri umeumia. Nikamwambia hapana, Jerop ni mzima, nataka kukuambia kitu. Nikamwambia vile nimekuandikia wewe, ila kwa ufupi, na vibaya, nikirudi nyuma na kusahau. Hakunikatiza.

"Miaka tisa," akasema.

"Ndiyo."

"Kwani ilikuwa mashine ama ilikuwa wewe?"

"Ilianza mashine. Halafu ikawa mimi."

Nilisikia akivuta kiti, akikaa. Akauliza kitu ambacho sikukitarajia. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Akauliza, "Alikuwa ananingoja? Hizo Jumapili, alikuwa ananingoja?"

Nikamwambia, "Alikuwa anangoja kuanzia saa tisa."

Alilia, lakini kimya kimya. Aliporudisha sauti akasema, "Mwambie kabla hajapanda ndege. Nikimwambia mimi atasema najitetea." Nikamwambia nitamwambia leo. Akasema, "Na usimwambie aje kwangu. Usimpangie tena." Halafu akakata.

Kwa hivyo sikupangii. Ile hosteli ni yako, na kile chumba kilichopakwa rangi kipo. Ukitaka kwenda kimoja, ama kingine, ama usimpigie mtu yeyote mwezi mzima, ni sawa. Nilichotaka ni uchague ukiwa unajua, kwa sababu mara ya kwanza ulichagua kwa kuniamini mimi.

Najua barua za wazazi huwa zinakuja na mawaidha. Nimetafuta yangu tangu mchana na nimepata machache, na hata hayo sina uhakika nayo. Mtu akikunyamazia, muulize mara ya pili, na mara ya tatu umuulize mtu mwingine kabisa, asiwe yule unayemwamini kuliko wote. Inaniuma kuandika hivyo kwa sababu huyo alikuwa mimi. La pili ni kuhusu makosa. Siku ya kile kichungi nilifanya kosa la mtu asiyejua kazi, na hilo wala halinisumbui, ningelirekebisha nikacheka nalo na Kibet. Lililonisumbua ni lile nililofanya baada ya kujua, na halikuwa kitendo. Lilikuwa kufunga laptopu. Utafanya makosa huko, mengi tu, kazi ya hospitali si mchezo. Ukiligundua moja, usiende nyumbani kwanza. Nyumbani ndiko linakopata mizizi.

La tatu sina. Nilifikiri ninalo.

Nilikuwa nataka kuificha barua hii ndani ya sanduku lako, katikati ya nguo, uipate ukishafika, bahari na jangwa zikiwa kati yetu. Nilishaikunja hata. Halafu nikaona huko ni kukuchagulia tena ni lini ujue na ni lini usijue, na hiyo kazi nimeifanya vya kutosha. Kwa hivyo nitakupa mkononi ukiingia. Nitakaa hapa hapa ukisoma. Ukitaka kuniuliza, uliza, nitajibu hata kama jibu ni sielewi. Ukitaka kupiga kelele, piga, majirani watatuvumilia. Ukitaka nitoke, nitatoka nikae nje kwenye ngazi.

Na juu ya kesho: nimeongea na dada yangu Jelagat. Sikumwambia kwa nini, nilimwambia tu awe tayari na gari saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu huenda ukataka yeye ndiye akupeleke uwanja wa ndege. Kama utamtaka yeye, nitabeba sanduku mpaka kwenye gari, niliweke nyuma, nifunge mlango. Kama utanitaka mimi, nimeshavaa viatu.

Nasikia geti. Ni wewe, unaongea na mlinzi, unamwambia shosho amekupa viazi vingi mno na huwezi kwenda navyo Ulaya. Unacheka. Natamani ucheke kidogo zaidi kabla hujafika mlangoni.

Ni mimi,
baba yako.